Vidole vya Baba

Juzi huyu mdogo wangu wa mwisho karudi madrasa goti limechunika, analia mpaka majirani wa juu wakachungulia, nami bila hata kufikiri nkamuuliza, inauma vidole vingapi? Akanyoosha vitatu. Halafu akanyamaza, akaniangalia, akauliza mama mbona ni sisi tu twahesabu maumivu kwa vidole, kwa kina rafiki yangu huulizwa tu waumwa wapi. Nkamwambia ni mambo ya babu yako hayo. Akaenda zake kucheza, mimi ndo nkabaki na pamba mkononi.

Mwajua Baba alivyokua. Bandarini maisha yake yote, na mambo yake hamwambii mtu. Tezi dume imeshakua kansa na imefika kwenye mifupa, yeye bado atwambia ni mgongo tu, kazi za zamani hizo. Tulizunguka naye sana, hospitali moja siitaji jina wao kila tukienda ni sindano na Panadol mrudisheni nyumbani, na usiku twamsikia akitembea ukumbini sababu kulala hawezi. Mwisho daktari mmoja kijana akatuandikia barua twende Coast Hospice, ile ya pale uwanja wa hospitali ya Coast General. Shangazi kusikia hospisi akaangua kilio, si huko ndo watu huenda kufia! Daktari akamwambia la, wengi huenda na kurudi kwao, hao kazi yao ni maumivu, na ni nyinyi wenye mgonjwa pia.

Safari niikate. Feri ya Likoni asubuhi, kisha tuktuk, na kila tuta Baba ashika chuma asema Alhamdulillah kwa sauti ambayo si ya kushukuru hata kidogo.

Sista aliyetupokea hakukaa nyuma ya meza. Alivuta kiti akakaa karibu kabisa na Baba, fomu ameiweka mapajani, akamwambia, "Baba, nionyeshe kwa mkono. Ngumi ni huumwi kabisa, vidole vitano ni maumivu ambayo hujawahi kuyaona. Siku tatu hizi yamekuaje?"

Baba akaangalia dari. Akatoa viwili.

Mama njia nzima alikua hajasema neno. Akaushika ule mkono, na mkono wenyewe ni wa makasha na kamba, kucha moja nyeusi tangu mlango wa kontena ulipombana kabla mimi sijazaliwa, akakifungua kidole cha tatu. Baba akakikunja. Mama akakifungua tena, akaenda cha nne, halafu akakitoa kidole gumba kilichokua kimejificha kiganjani, na mkono akaushikilia hivyo hivyo wazi mbele ya sista. "Muongo huyu," asema. "Andika tano. Mimi ndo nalala naye."

Chumba kizima kimya. Sijawahi kumuona Mama akimshika Baba mbele za watu, wala kumkatalia jambo mbele ya mgeni, na hapo nimeyaona yote mawili kwa mpigo. Aliyeanza kucheka ni Baba mwenyewe, na kicheko chenyewe kikamuuma, akakikatisha katikati uso umejikunja. Alicheka nini mpaka leo sijui. Kuna siku nasema ni aibu, kuna siku nasema alichoka kuigiza akashukuru kukamatwa. Sista yeye aliandika tu.

Kumbe fomu ile ina maswali ya familia pia. "Na nyinyi, wasiwasi wenu vidole vingapi?" Mama akaingiza mikono ndani ya buibui. "Mgonjwa ni yeye." Sista hakumlazimisha, akaacha pale patupu, akasema tutapajaza siku nyingine.

Vita vilikuja kwenye dawa ya maumivu. Mofini! Mtaani kwetu unga umetumalizia vijana, hata kwenye ukoo wetu yumo mmoja, sasa Shangazi alipoelewa mofini na unga ni ndugu akasimama, "Mwataka kumfanya teja uzeeni?" Sista hakukasirika. Akamwambia, "Shangazi, teja huamka akatafuta ingine. Huyu ataamka atafute chai." Kisha akatufundisha, ni ya maji, mwapima kwa sirinji isiyo na sindano, kila baada ya saa nne, ya kulalia mara mbili ya ile ya mchana ili asiamke usiku, na dawa ya choo kila siku bila kukosa, maana mofini hufunga choo na wazee huiacha kwa sababu hio.

Usiku ule Baba alilala usingizi ambao Mama ndo haukumlaza, kila saa amuekea mkono puani asikie kama apumua. Asubuhi akaitisha chai na mahamri. Shangazi hakusema kitu, alichukua bakuli akaenda kutafuta mbaazi.

Yaliyofuata mwayajua. Sista na wenzake walikua wakija mpaka nyumbani, dozi ikapandishwa, na siku ilipofika alikua kitandani kwake, twamsomea Yasin, ngumi imefungwa.

Baada ya hitma sista akaja tena. Akahesabu mofini iliyobaki akaichukua, tukatia sahihi, nkadhani basi yamekwisha, kumbe hakuja kwa ajili hio. Alimuomba Mama waingie chumbani na mlango ukafungwa, muda mrefu, mpaka chai niliyomtengea ikapoa nkaibadilisha. Walitoka macho mekundu wote wawili. Siku moja nkajaribu kumuuliza Mama walizungumza nini mle ndani. Akanijibu ni mambo ya watu wazima. Nami hapo nina watoto watatu.