Mji mzima Richmond, sisi watatu tunamsubiri Weird Al

Wiki ya kwanza ya Februari 2008 Dodoma ilikuwa haikaliki. Ripoti ya kamati ya bunge ya Mwakyembe, ile iliyochunguza mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond, imesomwa bungeni, pale Jamatini kila daladala ni Richmond Richmond, mpaka mama wa mihogo ana uchambuzi wake kuhusu mitambo ya umeme, afu mimi katikati ya yote hayo niko stendi nawasumbua makondakta wa mabasi ya Dar, "kaka, hamna bahasha yenye CD hapo?" Ndani ya hiyo CD kulikuwa na katuni. Dakika 22 basi. Na kwenye hizo dakika 22 kulikuwa na mtu mmoja tuliyekuwa tunamsubiri tangu kabla ya Krismasi.

Mtu mwenyewe ni Weird Al Yankovic na katuni ni The Simpsons.

Najua wengi hapa hamumjui Al so ngoja nimweleze haraka. Ni Mmarekani wa California, nywele za mawimbi, ana akodiani, kile kinanda cha kuvutavuta, alianza kujifunza akiwa hata miaka 7 hajatimiza. Kazi yake ni kuchukua wimbo wa mtu, biti inabaki vilevile, maneno anayageuza yanakuwa vituko. Michael Jackson kaimba Beat It, yeye 1984 akatoa Eat It, anamgombeza mtu anayechagua chagua chakula, na akabeba Grammy. Kwa kifupi wale Ze Comedy walipokuwa EATV na zile nyimbo za Bongo Fleva walizokuwa wanazivuruga, basi huyu alikuwa anafanya hivo tangu 1979 na singo yake ya kwanza alirekodi chooni, kweli kabisa, choo cha chuoni kwao jirani na redio ya wanafunzi, kwa sababu vigae vilikuwa vinarudisha sauti vizuri.

Mimi kaseti yake niliisikia kwa binamu yangu, aliachiwa na mwalimu wa kujitolea aliyekuwa anafundisha Mpwapwa. Nusu ya Kiingereza hatukielewi ila tunacheka. Nadhani kilichotushika ni kwamba jambo lenyewe tulikuwa nalo nyumbani. Shangazi zangu kwenye harusi za Kigogo hawaimbi wimbo kama ulivyo hata siku moja, lazima waingize jina la bwana harusi, mbuzi aliyekondeana, na yule mjomba aliyeahidi mchango afu simu ikawa haipatikani. Al ni shangazi yangu mwenye video, basi.

Sasa, jamaa yetu mmoja wa Kizota ndo alileta habari, alikuwa anashinda intaneti kafe kuliko mwenye kafe. Akaja na daftari kaandika kabisa: Al anarudi Simpsons, tarehe 27 Januari. Anarudi kwa sababu mara ya kwanza ilikuwa 2003, aliimba hadithi ya Homer na Marge, wale mume na mke wa kwenye katuni, kwa tyuni ya Jack & Diane ya John Mellencamp, hiyo tuliipata kwenye DVD ya mtaani yenye katuni thelathini na kava la filamu nyingine kabisa. Tuliirudia mpaka ikaanza kukwama.

Hapo ubishi ukaanza, na wakuu nawaambia huo ubishi ulikuwa mtamu kuliko katuni yenyewe. Atageuza wimbo gani? Binamu anasema atapiga muziki wa mwanzo wa Simpsons kwa akodiani. Wa Kizota anasema hapana, safari hii atamtania Homer mwenyewe. Mimi nilishikilia wimbo wa ndoa kama wa 2003. Tukawekeana soda. Kila jioni tukikutana Nyerere Square mtu anakuja na hoja mpya kama tuko kamati ya bunge.

Hoja yangu nyingine, na hii bado naisimamia, ni kwamba Al alicheleweshwa. Simpsons wameanza Desemba 1989. Michael Jackson aliingiza sauti humo 1991, tena kwenye majina ya mwisho akaandikwa John Jay Smith kwa sababu ya mambo ya mikataba. Yani mwenye wimbo alifika Springfield, mji wa kina Simpsons, miaka 12 kabla ya aliyeugeuza. Na Jackson hakuwahi kumnunia, alimruhusu mara mbili na hata kwenye video ya Fat, pale Al alipougeuza wimbo wake wa Bad, alimpa atumie seti yake. Maana Al ana kitabia, anaomba ruhusa kwanza, japo sheria ya kwao kwa parodi haimlazimishi. Al alimtafuta kwa simu Kurt Cobain wa bendi ya Nirvana, Cobain akauliza kama utakuwa wimbo wa chakula, Al akasema hapana, ni kuhusu watu kutoelewa unachoimba. Akaruhusiwa. Prince yeye alikataa kila alipoombwa.

Siku ikafika. Jumapili saa mbili usiku ya New York kwetu ni Jumatatu saa kumi alfajiri, na binamu aliamka! Sijui alitegemea nini bana, hakuna chaneli iliyokuwa inaonyesha, alikaa tu sebuleni gizani eti anashiriki.

Kuipata ndo shughuli. SEACOM, ule mkongo wa intaneti wa chini ya bahari, ulikuja kuwashwa Julai 2009, sisi tuko 2008, intaneti ni ya dishi, unalipia saa nzima ukurasa mmoja unafunguka kama unasukumwa na punda. Faili lilikuwa kama mega 170. Tulijaribu siku moja, ilipofika asilimia 9 yule dada wa kafe akatufukuza kwa upole, "wadogo zangu mnawazibia wenzenu wanaotuma barua za kazi". So shemeji yake na wa Kizota aliyekuwa Dar akaidaunlodi ofisini usiku, akachoma CD, akampa kondakta.

Kondakta akaisahau, ikarudi Dar, ikaja tena. Ilifika Alhamisi tarehe 7.

Mnaokumbuka tarehe mshajua. Hiyo ndo siku Lowassa amejiuzulu uwaziri mkuu, hapahapa Dodoma. DVD ya nyumbani ikagoma kusoma faili, tukakimbilia steshenari moja Area C yenye kompyuta, tukamkuta mwenye duka, mzee wa makamo, redio imewekwa juu ya mashine ya fotokopi, watu kama kumi wamesimama kimya kama msibani.

"Shikamoo mzee, tunaomba kuangalia CD yetu hapo."

"Marahaba. CD ya nini?"

"Ya... katuni."

Alituangalia kwa muda. Nchi imekosa waziri mkuu na vijana watatu wenye ndevu wanaomba katuni. Akasema kaeni kule kona, sauti msiweke.

Tukaangalia bila sauti kwanza. Homer yuko miaka ya tisini, Marge yuko chuo, Homer ana bendi ya mtindo wa kina Nirvana na nywele zake, kitu ambacho mashabiki wengi kiliwakera maana zamani tulishaambiwa walipendana shule mwaka 1974. Mimi hata sikujali. Afu akatokea, akodiani kifuani, anaugeuza wimbo wa bendi ya Homer! Wa Kizota akapiga kelele watu wote wa redio wakageuka. Na wimbo wenyewe, tulipoongeza sauti kidogo, ni kuhusu kichwa kugonga ukinywa kitu cha barafu kwa pupa, na nani asiyejua hiyo kama amekulia hapa anafakamia barafu za ubuyu mchana wa Oktoba. Safari hii hakuwa na wa kumwomba ruhusa pia, mwenye wimbo ni mchoro.

Ilikuwa fupi. Nilihesabu, haikufika dakika. Wiki sita za ubishi! Binamu alinuna, mimi nikadaiwa soda mbili, tukarudia kile kipande mara nane mpaka mzee akaja akasimama nyuma yetu, akaangalia mara ya tisa, akauliza huyo mwenye kinanda ni nani, tukamwambia, akatikisa kichwa akarudi kwenye redio.

Wakati wa kutoka alitutoza bei ya kuprinti kurasa kumi, maana katuni hakuwa na bei yake.