John Kani na jukwaa tupu

Wengi wanamjua John Kani kama T'Chaka, mfalme wa Wakanda, nchi ya kubuni katika filamu za Marvel, au kwa sauti ya Rafiki katika The Lion King ya 2019. Uwezo huo aliujenga zamani, kwenye majukwaa ambayo hayakuwa na kitu.

Alizaliwa 1943 New Brighton, kitongoji cha Waafrika Port Elizabeth, Afrika Kusini. Mwaka 1965 alijiunga na Serpent Players, kikundi cha mwongozaji Athol Fugard. Mwaka 1972 yeye, Fugard na rafiki yake Winston Ntshona walitunga mchezo wa Sizwe Bansi Is Dead. Serikali ya makaburu haikutambua uigizaji kuwa kazi ya Mwafrika, hivyo kwenye pasi zao, vitambulisho ambavyo Waafrika walilazimishwa kubeba, ndugu ya kile kipande walichovishwa wazee wetu Kenya, waliandikwa watumishi wa nyumbani wa Fugard.

Mchezo unafunguliwa na Styles, mpiga picha anayeigizwa na Kani, akiwa peke yake na gazeti. Anasoma habari, anazitolea maoni, kisha anakumbuka kiwanda cha Ford siku ya ugeni wa mkubwa kutoka Marekani. Kani, ambaye mwenyewe alikuwa amefanya kazi Ford, hapo anageuka watu wengi: msimamizi Mzungu anatoa amri, Styles anazitafsiri huku akichomekea yake, wafanyakazi wanaitikia. Habadilishi nguo. Zinabadilika shingo, mabega na kasi ya ulimi. Ugumu uko kwenye macho: ukishamweka bosi kulia na wafanyakazi kushoto, kila mara macho yarudi palepale. Yakihama hata hatua moja, watazamaji hawajui tena nani anasema, na kicheko kinakufa. Vikundi vinavyojaribu mtindo huu huangukia hapo, kisha huongeza kofia na makoti kuficha kasoro.

Baadaye Kani huyohuyo anakuwa Buntu, anayemshauri Sizwe, ambaye pasi yake haimruhusu kubaki mjini, achukue pasi ya maiti na kubandika picha yake humo. Mcheshi wa dakika chache zilizopita sasa anahesabu bei ya jina la mtu.

The Island, ya 1973, ni ngumu zaidi kimwili. Wafungwa wawili wa Robben Island, kila mmoja upande wake, wanachimba mchanga usiokuwepo, wanajaza toroli lisilokuwepo, wanalisukuma hadi kwa mwenzake na kumwaga. Kwa hiyo hakuna lundo linalopungua. Maneno hayapo, ni miguno tu na mlio wa gurudumu. Mwongozaji akiogopa watazamaji watachoka, akakifupisha kipande hiki, ameuua mchezo: waigizaji wanatakiwa kuingia selo wakihema na kutiririka jasho la kweli.

Mwaka 1975, Kani na Ntshona waligawana tuzo ya Tony, tuzo kubwa ya maigizo ya Marekani, ya mwigizaji bora kwa michezo yote miwili. Mwaka 1987 aliigiza Othello wa Shakespeare katika ukumbi wa Market Theatre, Johannesburg, Mwafrika akimkumbatia mke Mzungu mbele ya umma wakati ubaguzi ukiwa bado ndiyo sheria ya nchi.

Alipoitwa kuigiza T'Chaka katika filamu ya 2016, Captain America: Civil War, ni yeye aliyeleta Kixhosa, lugha ya kwao. Chadwick Boseman, aliyeigiza mwana wa T'Chaka, akajifunza mistari yake, na Kixhosa kikabaki kuwa lugha ya Wakanda. Miaka miwili baadaye, katika Black Panther, T'Chaka kijana akaigizwa na Atandwa Kani, mwanawe.