Siku moja mezani kwa mpangaji wa safari, Dodoma

Saa 11 na nusu alfajiri. Mvua ya Februari imenyesha usiku kucha, na kwa Dodoma hakuna anayeilalamikia. Nafungua WhatsApp kabla hata ya kunawa uso. Mama mmoja wa Area D kaniachia ujumbe mrefu wa sauti: mdogo wake anayeishi Sweden anakuja na mume na watoto, wana wiki mbili, wanataka kuja Pasaka. Wanataka Serengeti, Zanzibar, "na Kilimanjaro, hata kuuona kwa mbali tu." Bibi yao naye asiachwe. Namjibu: shikamoo mama, nimekupata, nitakupigia saa nne.

Saa 2 nipo ofisini Uhindini. Meza mbili, printa moja inayokwama karatasi, na ramani ya Tanzania ukutani. Wateja wote huanzia kwenye ramani. Kidole kimoja Serengeti, kingine Unguja, na safari kwao imeshakwisha kupangwa. Mimi naanza na kalenda. Nchi yenye zaidi ya kilomita za mraba 940,000, yenye ziwa la kina cha mita 1,470 magharibi na mlima wa mita 5,895 kaskazini, haiwezi kuwa na hali ya hewa moja. Sisi huku kati tuna msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, kisha vumbi. Pwani na kaskazini kuna vuli na masika, na masika hukolea Aprili, palepale kwenye Pasaka ya mama. Udongo mweusi wa mbugani ukilowa, gari linazama hadi ekseli. Kambi kadhaa hufungwa. Ni kweli bei hushuka, na vijana wawili wenye muda wa kupoteza wangefaidi. Familia yenye bibi na watoto, hapana.

Kwa hiyo Julai. Shule za Sweden zimefungwa, huku ni kipupwe, njia zimekauka, na nyumbu wanaelekea kaskazini kuvuka mto Mara. Siku ya kuvuka haijulikani. Wakala akikuandikia tarehe, mkimbie.

Saa 4 nampigia.

"Mwanangu, Julai si baridi?"

"Mama, hao wanatoka Sweden."

Anacheka, tunasonga mbele. Namwambia baridi yenyewe ipo ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na bibi atahitaji koti zito. Halafu nalileta jambo ninalolipigania kwa kila mgeni anayepitia Dodoma: wasiruke kwa ndege juu ya vichwa vyetu. Wakitoka Dar wapande treni ya SGR, saa nne hivi wako hapa, kisha tushike barabara ya Babati na kusimama Kondoa.

"Kondoa? Huko si kwetu tu! Wataona nini?"

Hapo ndipo chai yangu ilipopoa. Nikamwambia michoro ya mapangoni ya Kolo, kijiji cha hukohuko Kondoa, iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006, kwa heshima ileile waliyopewa Mji Mkongwe na Serengeti kabla yake. Kuna zaidi ya miamba 150 iliyochorwa. Watu wembamba wa rangi nyekundu, vichwa vikubwa, wengine kama wamesuka nywele. Pofu na twiga pembeni yao. Na michoro myeupe ya baadaye iliyopakwa juu ya ile ya kale. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alikaa huko mwaka 1951 akiinakili mmoja mmoja. Na si makumbusho yaliyokufa: pale kwenye mwamba wa Mungomi wa Kolo wenyeji bado huenda kuomba mvua na uponyaji, ndiyo maana huingii bila mwongozaji kutoka ofisi ya mambo ya kale ya Kolo.

Kuna na watu. Warangi na Wagogo ni Wabantu, Wabarbaig ni Waniloti, Wairaqw ni Wakushi, na Wasandawe wa Chemba wanazungumza lugha ya vidoko, sauti za kualisha ulimi. Makundi manne makubwa ya lugha za Afrika yanakutana katika eneo unaloweza kulipita kwa gari kwa siku moja. Mtalii analipa maelfu ya dola kuona simba, halafu hapa kwenye utajiri wenyewe anapita usingizini. Inaniudhi, nakiri.

Mama akanyamaza kidogo. "Haya, weka Kondoa."

Saa 7 mchana, ugali wa uwele na mlenda kwa mama ntilie wa nyuma ya ofisi. Dereva wetu, mzee aliyezeeka na barabara za nchi hii, anakuta rasimu yangu mezani na kuichapa kwa kijiko. Nilikuwa nimechomeka Ruaha. "Iringa ni kusini, Serengeti ni kaskazini. Unataka kuwaonyesha nchi au kuwaonyesha kioo cha gari?" Namtetea Ruaha: Julai wanyama wanajikusanya mtoni, watalii wachache, na njiani unapita Mtera unanunua samaki. Ananisikiliza mpaka mwisho, kisha anauliza bibi ana umri gani. Ruaha imetoka. Ingekuwa safari ya watu wazima watupu ningeitoa Serengeti na kuiacha Ruaha, na hilo nimemwambia.

Mchana mzima uliobaki ni simu za hoteli na karatasi. Kwenye mbuga, ada ya raia wa Afrika Mashariki hupangwa kwa shilingi na ya wageni kwa dola, kwa hiyo kila jina liende na uraia wake, la sivyo hesabu inapinda getini. Zanzibar, tangu Oktoba 2024, mgeni mtu mzima kutoka nje lazima akate bima ya dola 44. Mifuko ya plastiki ibaki Sweden. Watoto waliozaliwa kule hawana kinga ya malaria, wamwone daktari wao mapema. Hoteli moja ya pwani imepandisha bei tangu wiki jana bila maelezo, nimehamia nyingine.

Nafurahia zaidi hizo siku za Unguja. Julai ndiyo Makunduchi wanafanya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi: wanaume wanachapana kwa migomba na kibanda cha makuti kinachomwa moto. Nimeacha siku mbili wazi hadi tarehe ithibitishwe.

Saa 12 jioni mama anapita mwenyewe, mkononi fuko la zabibu. Anasoma ukurasa kwa ukurasa. Kilimanjaro nimeuweka kwenye dirisha la ndege ya Arusha kwenda Unguja, mawingu yakiruhusu. Anakubali. Swali lake ni moja: bibi atapandaje kule Kolo, na magoti yale?

Hapandi. Njia ni ya mawe na inapanda kweli. Wajukuu wanakwenda na mwongozaji, bibi anashuka Kondoa mjini kwa ndugu zake, gari linamfuata jioni. Mama anatoa simu hapohapo, anampigia bibi, anamweka kwenye spika. Bibi anasema yeye michoro aliiona akiwa msichana, akichunga mbuzi, na kama tunataka mwongozaji tungemuuliza yeye kwanza.

Nimemwandika kiti cha mbele, pembeni ya dereva. Malipo ya awali kesho.