Kondoo wa Seeb

Unguja nilikokulia, kondoo hakuingia chunguni kwetu. Bibi alikuwa na hukumu moja tu, "Kondoo ananuka," na haikukatiwa rufaa. Mbuzi wa pilau, ng'ombe wa mishkaki, kondoo wa kwa majirani siku ya Idi. Nimefika umri huu bila kujiuliza kama bibi mwenyewe aliwahi kumla.

Nipo Maskati wiki ya pili sasa, nimekuja kumtazama ami. Yeye ni katika wale waliohamia huku baada ya 1970, Sultan Qaboos alipowafungulia mlango Waomani waliokuwa nje. Watoto wake wanasoma na kuandika Kiarabu, lakini jikoni kwake, na pakitokea ugomvi, ni Kiswahili tu.

Juzi baada ya Isha akaniambia nivae viatu. Tukaenda Seeb, mji wa pwani pembeni mwa Maskati, upande wa soko. Moshi tuliuona kabla ya majiko. Majiko yenyewe ni marefu na membamba kama mitumbwi, mkaa umetandazwa, na mtu mmoja anapepea kwa kipande cha boksi. Magari yanasimama pembeni, mtu anapiga honi mara moja, kijana anamkimbilia dirishani. Sisi tulishuka. Ami anasema mishkaki ya kuletewa garini ishapoa njiani, hata kama njia yenyewe ni hatua kumi.

Huku wanasema "mishkak", wameikata ile i ya mwisho. Ami na muuzaji wakaanza ubishi wao, nadhani ni wa kila wiki, wa nani alimpelekea nani: Oman ilipeleka Unguja au Unguja ilileta Oman. Mimi nilikuwa nishashika wa tatu, sikuwa na nafasi ya historia.

Wa kwanza nilidhani ni ng'ombe. Nyama vipande vidogo kama dole gumba, imelala kwenye viungo, na kila baada ya vipande viwili kuna kimoja cha mafuta, kimebabuka kingo, katikati laini. Nikachovya kwenye ukwaju wenye pilipili, ule ule wa kwetu, mzito kidogo tu. Nikauliza mbona ng'ombe wa huku mtamu hivi. Ami akatafuna pole pole, akameza, ndipo akasema, "Kondoo huyo."

Nilitazama kijiti. Nikatazama jiko. Nikaagiza vingine vitano na mkate wa rakhal, ule mwembamba kama karatasi, nikaikunjia nyama ndani yake.

Njiani kurudi ami akanifafanulia: ile harufu inakaa kwenye mafuta, na kondoo akizeeka ndivyo inavyozidi. Huyu wa Seeb mchanga. Ina maana bibi huenda hakukosea. Alikutana tu na kondoo mzee, tena wa kuchemsha.

Jana mchana ilikuwa zamu ya samaki. Tulianzia soko la samaki la Matrah, lile jipya la 2017 lenye paa la mistari mistari, nikasimama mbele ya nguru na majodari kama mtoto dirishani kwa duka la peremende. Tulikula kichochoro cha nyuma, mgahawa wa wapishi wa Kerala, kusini mwa India, meza za plastiki, feni moja inayozunguka kwa kusitasita. Kipande cha nguru kimepakwa manjano, pilipili na ndimu, kimekaangwa mpaka ngozi inalia ukiigusa na kijiko. Wali, mchuzi mwepesi wenye ukakasi, na chai ya maziwa. Nyumbani ningemla nguru huyo na mchuzi wa nazi na kuamini hakuna njia nyingine. Nilikula kwa mkono, kimya, na mpishi aliponiona nimebakisha mfupa mtupu akaniongezea wali bila kuulizwa.

Leo ami alitaka tule nyumbani, kapika mwenyewe mchuzi wa papa mkavu, na ulikuwa mzuri. Lakini ilipofika saa mbili usiku nilikuwa nishavaa viatu, nimekaa barazani. Akanitazama miguuni.

"Si ulisema ananuka?"

"Ni bibi aliyesema, ami."

Akaenda kuchukua funguo za gari.