Sikio la simba kando ya ukuta wangu

Jirani yangu aliposimama langoni mwezi wa Juni akaniuliza, kwa upole wote alionao, ni lini nitamtafuta kijana wa kunifyekea yale magugu ya kando ya ukuta, nilijua kwamba mmea wangu umeshika. Magugu aliyoyakusudia ni Leonotis, ua la porini ambalo wengi wetu tumelipita barabarani tukielekea Naivasha bila kulijali: mashina marefu yaliyosimama wima, na juu ya kila shina mafundo ya maua ya rangi ya chungwa yaliyopandana moja juu ya jingine, kama nyama zilizotungwa kwenye mshikaki. Jina hilo lina asili ya Kigiriki na maana yake ni sikio la simba, kwa sababu ya manyoya laini yanayoufunika mdomo wa juu wa kila ua. Ukilishika shina lake utaona lina pembe nne, kwa kuwa mmea huu ni wa jamii moja na mnanaa na mrehani.

Nilianza vibaya. Nilichuma mbegu kwenye mimea iliyokauka ukingoni mwa shamba la mahindi huko Kiambu, nikazisia kwenye mikebe, zikaota, zikachanua vizuri, kisha mimea yote ikafa kwa mkupuo mmoja, nami nikawalaumu mchwa kwa muda wa miezi kadhaa. Mchwa hawakuwa na hatia. Nilichokipanda kilikuwa Leonotis nepetifolia, ambao huishi msimu mmoja, ukazaa mbegu na kumaliza safari yake. Wa kudumu ni mwenzake, Leonotis ocymifolia, ambao sehemu yake ya chini hukomaa ikawa ngumu kama mti, na majani yake ni laini kama mahameli ukiyapapasa upande wa chini. Tangu hapo siyaamini maua peke yake. Huligeuza jani kwanza, kisha nikainama kulitazama shina pale linapotoka ardhini.

Mara ya pili sikutumia mbegu. Nilipewa na rafiki matawi machache ambayo hayakuwa yametoa maua, nikayakata vipande vya sentimita 15 hivi, nikayapukutisha majani ya chini na kuvichomeka vipande hivyo kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini, pingili mbili zikiwa zimefukiwa. Baada ya mwezi mmoja nilikivuta kimoja kidogo nikahisi kimeng'ang'ania, nikajua mizizi ipo. Shida iliyobaki ilikuwa udongo, maana hapa mtaa wa Utawala, Nairobi, tunaishi juu ya ule udongo mweusi ambao mvua ikinyesha hunata kwenye viatu kama ugali mbichi, na jua likiwaka hupasuka nyufa za kumeza mkono. Mmea huu huvumilia ukame, baridi ya Julai na hata mpira wa watoto, lakini mizizi yake ikikaa majini huoza. Kwa hiyo nilinunua udongo mwekundu, nikauchanganya na kokoto, nikainua tuta la sentimita 30 kando ya ukuta na kupanda vuli ilipoanza.

Kosa la pili lilitokana na mapenzi. Nilimwaga samadi ya ng'ombe kwa ukarimu na kumwagilia kila jioni, na mashina yakarefuka kupita ukuta, laini, majani tele, maua machache, hadi upepo wa usiku mmoja ukayalaza yote. Sasa mmea ulioshika siupi samadi hata kidogo, na simwagilii ila majani yakinyong'onyea asubuhi, kwa sababu kunyong'onyea saa nane mchana si kiu ya kweli. Mwishoni mwa Februari, kabla ya masika, huyakata mashina yote hadi yabaki kama sentimita 30 juu ya ardhi. Ni kazi inayotia huruma, na bustani hubaki inatisha kwa wiki kadhaa, lakini machipukizi hutoka chini kwa wingi, mafupi, yenye nguvu ya kubeba maua yao.

Malipo yake huja saa moja asubuhi, wakati ndege mdogo aitwaye chozi anapotua. Huuingiza mdomo wake uliopinda ndani ya ua, na chavua iliyojificha chini ya lile sikio la simba humpaka utosini, akaondoka nayo hadi ua jingine. Anapokuja chozi wa pili, wa kwanza humfukuza mpaka nje ya lango. Wataalamu wawili wa Kimarekani, Frank Gill na Larry Wolf, walichunguza ugomvi huu hapa Kenya kwa chozi mwenye mabawa ya dhahabu, na katika makala yao ya mwaka 1975 walieleza kwamba ndege huyo hulinda maua ya Leonotis pale tu chakula anachookoa kinapozidi nguvu anazotumia kuwafukuza wengine. Mama yangu, alipokuja kunitembelea, hakuhitaji makala. Alilichomoa ua moja, akijihadhari na miiba ya kikombe chake, akalinyonya upande wa chini kama yeye na wenzake walivyokuwa wakifanya njiani kwenda shule, akasema asali bado ni ile ile.

Wiki ijayo nitayakata tena mashina, na safari hii nitamwarifu jirani mapema, asije akadhani kwamba hatimaye nimemsikia.