Kigoda cha Babu

Mwaka 1983 sukari ilipotea Tabora, ikapotea na sabuni, yakapotea na mawe ya redio. Nilikuwa darasa la saba, naishi kwa babu mzaa baba katika kijiji kimoja kusini mwa mji, njia ya kwenda Sikonge. Uji usio na sukari niliuzoea. Nilichoshindwa kuzoea ni ukimya wa redio ya babu. Ilikuwa imevishwa mfuko wa kitambaa alioushona bibi, na hata mawe yake yalipokufa, kila jioni babu aliipakata akaifuta vumbi, kisha akairudisha ndani bila kusema neno.

Babu alikuwa mwanangwa, kama baba yake kabla yake, akimwakilisha mtemi wa Unyanyembe pale kijijini. Mwaka 1963 Serikali ilifuta utemi, na unangwa ukaondoka nao. Watu, hata hivyo, waliendelea kumletea ugomvi wao wa mipaka, wa mbuzi, wa mahari. Alikuwa na kigoda cha mninga alichokirithi, na siku ya shauri alikitoa mwenyewe akakiweka chini ya mwembe. Aliniambia neno mtemi linatokana na kutema, yaani kukata, na kwamba kazi ya aliyekalia kiti ni kulikata neno liishe, watu warudi mashambani. Alipenda pia kunikumbusha kwamba Ikulu ya Dar es Salaam imechukua jina hilo kwetu Unyamwezini. Sikumsikia hata mara moja akilalamikia alichonyang'anywa.

Mtu mmoja tu hakuwahi kukanyaga chini ya mwembe ule: balozi wetu wa nyumba kumi. Ujanani alikuwa akiuza kadi za TANU usiku, wakati wanangwa wanaona chama kile kinakuja kuwavua nguo. Yeye na babu walisalimiana kwa heshima zote, "Mwangaluka", "Mwangaluka", kila mmoja akaenda zake. Miaka ishirini hawakuwa wameonja chakula cha nyumba ya mwenzake.

Likizo ya Juni niliingia porini na kienge cha maganda. Sukari ilipokosekana asali ikawa mali, na dereva mmoja wa lori la tumbaku alikuwa amenitajia bei yake: ndoo ndogo ya asali kwa mawe manne ya redio. Mizinga yetu ilikuwa imeshakwisha kurinwa. Nikapanda mti wenye mzinga wa mikato mitatu. Alama ile niliijua, ni ya mzee fundi mizinga aliyekaa ng'ambo ya mto. Niliijua na nikapanda. Kwa kuwa nilikuwa na haraka na woga, moto niliuingiza mno. Nyuki walianguka kama punje za mtama zinazomwagika kutoka kwenye ungo, na mzinga ukaanza kufuka.

Babu alipoyaona yale mawe aliniuliza nimeyapata wapi. Nikamwambia nimesaidia kupakia tumbaku, dereva kanilipa. Aliniwekea mkono kichwani. Mkono ule niliuhisi usiku kucha.

Siku tisa redio ilisema. Ulikuwa ndio mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, Waziri Mkuu akiwa Edward Sokoine, na taarifa ya habari ilijaa mali zilizofichwa, waliozificha wakitafutwa. Babu alifurahi mno. Aligonga fimbo yake chini, akasema mbele ya wajukuu wote, "Na aliyefaidi mali hiyo, hata kama hakuiba, naye aulizwe."

Asubuhi ya kumi fundi mizinga akaja. Alibeba begani kipande cha gome kilichoungua, chenye mikato mitatu. Babu akatoa kigoda, majirani wakakusanyika. Yule mzee hakupiga kelele. Alisema asali angeweza kuisamehe, kwani mwaka ujao nyuki wangeijaza tena. Waliomliza ni nyuki wenyewe, waliokufa mlangoni mwao. Kisha akasema kuna mtoto aliyeniona na ndoo kwenye lori.

Babu alinitazama. "Mawe yale?"

Niliinamisha kichwa.

Alikaa kimya muda ambao sijui kuupima. Kuku alipita kati yetu, hakuna aliyemfukuza. Kisha babu akashika fimbo, akasimama, akakiacha kigoda kitupu. "Shauri hili siwezi kulikata," akasema. "Mjukuu ni wangu, na kilichoibwa nimekisikiliza siku tisa kwa masikio yangu. Mwiteni balozi."

Watu walitazamana. Mjomba mmoja alimnong'oneza kuwa mambo kama haya humalizwa ndani ya ukoo, kwa mbuzi mmoja na maneno mazuri. Babu hakumjibu. Alikuja akakaa chini kwenye vumbi, ubavuni pangu, mahali pa mshitakiwa. Alikuwa amevaa kanzu yake safi ya mashauri.

Balozi alipofika alisimama mbali na kigoda. "Mwanangwa, hiki ni kiti chenu."

"Kaa, Balozi. Ni kiti cha kazi, na leo kazi ni yako."

Akakaa ukingoni, kama mtu aliyeazimwa.

Fundi mizinga alitaka nipelekwe polisi mjini. Mwaka ule neno mhujumu lilimtisha hata mtu mzima, na tumbo langu lilishikwa na baridi. Balozi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaanza kusema mambo niliyodhani hayatuhusu. Alisema Januari 1958, mkutano wa TANU ulipofanyika Tabora mjini, yeye alikuwepo akibeba mizigo ya wajumbe, na damu ilikuwa ikimchemka. Wakoloni walikuwa wameleta uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura lazima amchague Mwafrika, Mzungu na Mhindi, na mapato ya pauni 150 kwa mwaka yakiwa miongoni mwa sifa za kuruhusiwa kupiga kura. "Mimi sikuwa na pauni hata moja. Nilitaka tususie. Mwalimu akasema tukisusia viti vitachukuliwa na wengine, tuingie humo humo kwenye ubaya tukautokee upande wa pili. Tuliumia, tukameza. Chama kikashinda, na mwaka 1961 bendera ikapanda. Sasa wewe hasira yako ni ya haki, kama yangu ilivyokuwa. Nikuulize tu: huyu akilala mahabusu, wewe utarudi nyumbani na mizinga mingapi?"

Baadaye sana nilisoma habari za mkutano ule, unaoitwa Uamuzi wa Busara. Balozi alisimulia sawasawa, ila aliruka kwamba wapo waliokataa kumeza: Zuberi Mtemvu alijitoa akaanzisha chama chake. Naona ni haki kuwataja nao. Hasira yao haikuwa ya uongo.

Fundi mizinga alifikiri, akasema anataka mizinga miwili. Balozi akakata hapo: nichonge miwili chini ya mkono wa fundi, niitundike, na mawe ya redio apewe yeye leo hii. Yule mzee hakuwa na redio. Aliyatia kwenye tochi.

Babu akaomba neno. "Balozi, umemhukumu mtoto. Mimi bado. Redio yangu haitasema mpaka mizinga yote miwili iingie nyuki."

Nilichonga kwa wiki tano. Fundi alinifundisha kupasua gogo, kulikomba kwa tezo, kulifunga, na kupaka nta mlangoni ili nyuki wavutwe. Hakunitukana hata siku moja, na hilo lilinitoa machozi kuliko malengelenge. Mvua za kwanza zilipoanza mzinga mmoja ukapata nyuki. Wa pili ulibaki mtupu. Nilikwenda kuutazama kila Jumapili, nikiweka sikio kwenye shina la mti.

Tarehe 12 Aprili 1984 wa pili ulikuwa bado mtupu. Jioni ile vilio vilisikika kutoka nyumba za mbali, na balozi akaja mbio hadi uani kwetu. Sokoine amefariki kwa ajali ya gari karibu na Morogoro, Mwalimu mwenyewe ametangaza. Alikuwa ameshika mawe manne mkononi.

"Mzee, washa redio. Hukumu hii naifuta mimi."

"Mzinga mmoja bado," babu akasema.

Balozi alisimama, mawe mkononi, hajui ayaweke wapi. Babu akaingia ndani, akatoka na kigoda chake kwapani. Wakafuatana gizani hadi nyumbani kwa balozi. Nilipowafuata nikawakuta wamekaa pamoja mbele ya redio ya mwenyeji, na sahani moja ya ugali kati yao.