Lami naiona, kuifikia ndo kazi

Nikisimama uani kwangu huku Goba, pembezoni mwa Dar, naiona lami kabisa, daladala nazisikia mpaka honi, lakini kuifikia ni nusu saa kwa mguu, maana mbele kuna ukuta wa mtu, halafu korongo, halafu ukuta mwingine, kwahiyo napanda kwanza mpaka njia panda ya juu, nazunguka kilima chote ndo nashuka.

Mi nimekulia Sinza. Sinza ilipimwa miaka ya 70 kwenye ule mradi wa viwanja uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni, mitaa inakatana, ukikuta wamefunga turubai la msiba unapita mtaa wa pili na safari inaendelea. Huku kwetu turubai likifungwa, walioko juu wote gari hazitoki.

Na sio kwamba watu hawaachi njia, wanaacha! Ila mwenye shamba anakatakata viwanja vyake, dalali anapima kwa hatua, njia inachorwa ya kuwafikisha wanunuzi wake tu, na wa shamba la jirani nae anafanya hivohivo kivyake, basi njia zote zinaishia mpakani, hazikutani. Zidisha hiyo kwa mashamba yote mpaka Madale, Kinyerezi, Chanika. Sensa ya 2012 Dar tulikuwa milioni 4.36, ya 2022 milioni 5.38, na hao walioongezeka wengi wamejenga pembezoni kama mimi, halafu tunashangaa foleni, wakati wote tunamwagwa kwenye barabara zilezile chache kwasababu huko ndani hatuna pa kupenya.

Mwaka jana usiku jirani yangu alishikwa uchungu, bajaji ikaishia dukani kwa mangi, tukambeba kwenye kiti cha plastiki mpaka pale. Alijifungua salama, ila mi tangu siku ile sijatulia.

Urasimishaji ulivyopita, ule wa kupima maeneo ambayo watu tulishajenga bila kupimiwa, nilirudisha ukuta wangu nyuma mita mbili, imeniuma hela, ila njia imepatikana. Wengine waligoma, na kuvunja nyumba ya mtu sitaki hata kusikia. Ila kati yetu na lami upande wa chini bado kuna shamba moja la mikorosho halijakatwa, tukichelewa likaja kuuzwa vipandevipande tumekwisha. Nimeongea na majirani saba, kila mtu yuko tayari kuchangia tununue hiyo njia. Jumapili tunaenda na mjumbe kumwona mzee mwenye shamba.